Pesa walipewa, radhi waliombwa: mabibi wa Korea wanadai nini tena?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Historia kidato cha tatu na cha nne hapa Morogoro. Tulipofika Vita Kuu ya Pili, mwanafunzi mmoja alinionyesha video kwenye simu: sanamu ya msichana amekaa kitini mbele ya ubalozi wa Japani kule Seoul, na watu wamemvika skafu. Nikaeleza ninachokijua, kwamba jeshi la Japani liliwafanya wanawake watumwa wa ngono. Mwenzangu wa ofisini akanipinga mbele ya walimu wote. Anasema wale wanawake walikuwa wanalipwa, Japani ilishaomba radhi na kutoa pesa mara kadhaa, na kinachoendelea ni siasa za Wakorea. Nilikosa la kumjibu. Je, ni kweli walilipwa? Kama ni kweli, wanadai nini tena? Na sheria inasemaje?

JIBU: Marahaba, mwalimu.

Mwenzako hakudanganya, na ndiyo maana ulikosa la kumjibu. Pesa zilitolewa. Radhi iliombwa, tena na viongozi zaidi ya mmoja. Lakini wewe unakaa Morogoro, kwa hiyo nianze na jambo unalolijua. Tembo wakishuka usiku wakafyeka shamba la mtu, au wakamuua mtu, serikali yetu hutoa kitu kinachoitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Umewahi kumsikia ofisa wanyamapori akikiita fidia? Hathubutu. Ukimwambia "fidia" atakusahihisha papo hapo. Fidia inasema: nimekukosea, nawajibika. Kifuta machozi kinasema: nimekuona unalia, nimekuhurumia, pokea. Kiasi kinaweza kulingana shilingi kwa shilingi, lakini kesi nzima imebebwa na hilo neno. Liweke pembeni hilo, tutalirudia.

Kwanza tumalizane na hili la "walikuwa wanalipwa".

Jeshi la Japani lilianza kufungua nyumba za ngono kwa ajili ya askari wake Shanghai mwaka 1932. Baada ya mauaji ya Nanjing ya Desemba 1937 zikaenea kila jeshi lilikopiga kambi: China yote iliyotekwa, Taiwan, Ufilipino, Indonesia, Malaya, Burma, mpaka visiwa vya Pasifiki. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kiofisi kabisa: askari wapunguze kubaka raia, maana ubakaji unawachochea wenyeji, na wasijazane hospitalini kwa kaswende na kisonono. Daktari wa jeshi aliwapima wanawake, jeshi likapanga bei na saa, meli za jeshi zikawasafirisha. Wakaitwa ianfu, yaani wanawake wa kuliwaza. Sijui kama kuna lugha duniani iliyowahi kulitesa neno "liwaza" namna hiyo.

Walikuwa wangapi? Wanahistoria wanatofautiana kuanzia 20,000 hadi 200,000, na watafiti wa China wanapanda zaidi ya hapo. Japani iliposalimu amri Agosti 1945, amri ilitoka mafaili yachomwe, na mengi yakachomwa. Ukimsikia mtu anakutajia idadi kamili, iwe kubwa au ndogo, jua anabahatisha.

Walipatikanaje? Inategemea mahali. Ufilipino na sehemu za China zilizokuwa uwanja wa vita, askari waliwakamata wasichana njiani na majumbani. Korea ilikuwa koloni tangu 1910, na huko mara nyingi alikuja dalali, mara nyingi Mkorea mwenyewe, akabisha hodi kwenye nyumba yenye njaa akiwa na habari njema: kuna kazi kiwandani, kuna kazi hospitalini, chakula na malazi bure. Hadithi ya dalali wa namna hiyo haihitaji mkalimani katika pwani yetu.

Hati wanayoipenda wanaosema "walilipwa" ni ripoti ya Jeshi la Marekani ya Oktoba 1944. Agosti ya mwaka huo mji wa Myitkyina, kaskazini mwa Burma, uliangukia mikononi mwa Wamarekani na Wachina, na baada ya mapigano wakakamatwa wanawake 20 wa Kikorea pamoja na raia wawili wa Kijapani. (Mwaka huohuo babu zetu wa Keya walikuwa Burma hiyohiyo, wakishuka bonde la Kabaw kupigana na jeshi hilohilo. Sijawahi kusikia mzee wa Keya akiwataja wanawake hawa, ila sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza.) Ripoti inasema wanawake hao walikuwa na pesa mkononi, walinunua nguo, viatu na vipodozi, walikwenda pikiniki na maofisa, na walikuwa na gramafoni. Mwenzako atafunga ukurasa hapo.

Wewe endelea kusoma, maana ripoti ni hiyohiyo. Mei 1942 madalali walifika Korea wakitafuta wanawake wa "huduma ya kuliwaza" askari. Huduma gani hasa, haikusemwa. Wasichana walidhani ni kuwatembelea majeruhi hospitalini na kukunja bandeji. Familia zilizokuwa na madeni zilitangulizwa yen mia chache, na kuanzia hapo msichana akawa amefungwa na hilo deni. Kundi la watu kama 800 wa aina hiyo likashushwa Rangoon Agosti 20, 1942. Katika kila walichoingiza, mwenye nyumba alichukua nusu au asilimia 60, kisha akawauzia chakula na mahitaji kwa bei ya kuruka. Ratiba ilibandikwa: askari wa kawaida kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, yen moja na nusu kwa dakika 20 hadi 30, kisha wenye vyeo vidogo mpaka saa tatu usiku, kisha maofisa mpaka saa sita. Mwishoni mwa ripoti kuna orodha ya wanawake na umri wao siku waliyokamatwa. Wamo wa miaka 19, 20, 21. Toa miaka miwili upate umri waliopakiwa melini. Ni wanafunzi wako wa kidato cha nne.

Ripoti inasema pia kwamba mwishoni mwa 1943 jeshi liliruhusu waliomaliza deni warudi kwao, na baadhi wakarudi. Usilifiche hilo darasani. Hali ya mahali pamoja haikuwa ya mahali pengine, na anayesema kila mwanamke alifungwa minyororo anampa mpinzani wake silaha ya bure. Kuna mfano mchungu: Yoshida Seiji, Mjapani aliyedai kwamba wakati wa vita kazi yake ilikuwa kukusanya vibarua, alisimulia kwa miaka mingi jinsi alivyowawinda wanawake kisiwa cha Jeju, Korea. Ikaja kubainika ni uongo, na mwaka 2014 gazeti la Kijapani la Asahi likafuta habari zake. Wakanushaji wanaishi kwa hadithi hiyo hadi leo, kana kwamba ushahidi wote ulisimama juu ya mdomo wa mtu mmoja.

Sasa sheria. Mkataba wa Utumwa wa 1926 unasema utumwa ni hali ya mtu ambaye juu yake zinatumika nguvu zote, au baadhi ya nguvu, za umiliki. Mnyororo haumo humo. Mshahara haukutajwa. Swali la sheria ni moja: je, mtu huyu alitendewa kama mali ya mwingine?

Kesi iliyolifafanua hili kuliko zote haikutoka Asia. Ilitoka Foča, mji mdogo wa Bosnia, ambako mwaka 1992 wapiganaji wa Kiserbia waliwashika wanawake na wasichana wa Kiislamu, wakawagawana na kuwaweka kwenye nyumba na fleti. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Yugoslavia ya zamani, kule The Hague, ilitoa hukumu Februari 22, 2001, jopo likiongozwa na Jaji Florence Mumba wa Zambia, mama wa Kiafrika. Kunarac alipata miaka 28, Kovač 20, Vuković 12. Kovač aliwauza baadhi ya wasichana aliokuwa nao. Mmoja alikwenda kwa mark 500 za Kijerumani. Hapo utumwa unajionyesha wenyewe. Ila kuna kipengele kingine ninachokipenda kwa sababu hakina tamthilia yoyote. Wasichana wawili walikuwa katika nyumba nyingine, na mmoja wao alikiri mahakamani kwamba kuna wakati walipewa ufunguo wa mlango. Utetezi ukadhani umeshinda. Majaji wakasema hapana: mji wote uko mikononi mwa waliowateka, ndugu zao wamefukuzwa au wameuawa, wakitoka waende wapi? Ufunguo wa mlango hauwi uhuru kama nje ya mlango hakuna pa kwenda.

Mrudishe sasa yule msichana wa Kikorea, Myitkyina, maili maelfu kutoka kwao, katikati ya mstari wa mbele wa vita, na deni kwenye daftari ambalo mwenye daftari ndiye mkopeshaji na ndiye muuzaji wa chakula. Mwambie mwenzako: sawa, alikuwa na gramafoni.

Asije akasema tunawahukumu watu wa zamani kwa sheria za leo. Mwaka 1944 maofisa wa Japani waliwachukua wanawake wa Kiholanzi kama 35 kutoka kambi za mateka karibu na Semarang, kisiwa cha Java, wakawaweka kwenye nyumba hizi. Mmoja wao alikuwa Jan Ruff O'Herne, ambaye baadaye alihamia Australia na kufa 2019. Mwaka 1948 mahakama ya kijeshi ya Waholanzi huko Batavia, Jakarta ya leo, iliwatia hatiani maofisa waliohusika, na mmoja akanyongwa au kupigwa risasi, vyovyote vile aliuawa kwa hukumu. Sheria ilikuwepo, tena ilijulikana vizuri. Ila wanawake wa Kiindonesia waliopitia hayohayo kisiwa hichohicho hawakufunguliwa kesi kama hiyo. Na ile mahakama kubwa ya Tokyo, iliyowahukumu viongozi wa Japani kati ya 1946 na 1948, ilisikia habari za ubakaji wa Nanjing lakini mfumo huu wa nyumba haukuwekwa kwenye mashtaka. Sheria ilikuwa na macho, iliangalia rangi.

Kisha kimya cha miaka 45. Waliorudi Korea walirudi kwenye jamii ambayo msichana wa namna hiyo ni aibu ya ukoo. Wengi hawakuolewa, au waliolewa wakafa na siri. Serikali yao wenyewe haikuwauliza. Mwaka 1965 Korea Kusini na Japani zilirudisha uhusiano, Japani ikatoa dola milioni 300 za msaada na milioni 200 za mkopo, na makubaliano yakasema madai yote baina ya nchi hizo na watu wao yamemalizwa "kabisa na mwisho". Wanawake hawa hawakutajwa popote kwenye meza ile, na pesa ilikwenda kujenga uchumi.

Sisi tunalijua hili kwa jina jingine. Binti kabakwa, wazee wa pande mbili wanakutana, ng'ombe au pesa inapita, baba anapokea, binti yuko jikoni anapika chai ya kikao. Kesho yake ukienda polisi unaambiwa yamemalizwa kifamilia. Hebu tazama tena mkataba wa 1965, kisha na ule wa 2015 ninaokuja kuusema, kwa jicho hilo.

Kilichovunja kimya ni uongo mmoja wa serikali. Juni 1990 ofisa wa Japani aliliambia bunge lao kwamba wanawake hao walikuwa wakizungushwa na wafanyabiashara binafsi, jeshi halikuhusika. Agosti 14, 1991, mjini Seoul, bibi wa zaidi ya miaka 60 aitwaye Kim Hak-sun akajitokeza mbele ya waandishi kwa jina lake na uso wake, akasema: mimi nipo. Alikuwa na miaka 17 askari walipomchukua, nchini China. Desemba akafungua kesi Tokyo. Januari 1992 mwanahistoria wa Kijapani, Yoshimi Yoshiaki, akaingia maktaba ya idara ya ulinzi ya nchi yake mwenyewe akatoka na hati zinazoonyesha mkono wa jeshi katika kuanzisha nyumba hizo na kusimamia ukusanyaji wa wanawake. Gazeti likazichapa, na ule uongo haukudumu hata wiki. Agosti 4, 1993 Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, Kono Yohei, akatoa tamko: jeshi lilihusika, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, wanawake wengi walichukuliwa bila ridhaa yao, na Japani inaomba radhi.

Hapo mwenzako yuko sahihi: radhi iliombwa. Sasa turudi kwenye kile tulichokiweka pembeni.

Mwaka 1995 Japani ikaunda Mfuko wa Wanawake wa Asia. Kila mwanamke aliyekubali angepata yen milioni mbili, huduma za matibabu na ustawi, na barua ya radhi iliyosainiwa na waziri mkuu. Si kidogo. Lakini zile yen milioni mbili zilitokana na michango ya wananchi wa Japani. Serikali ilitoa fedha ya matibabu na ya kuendesha mfuko. Kwa nini kuzunguka hivyo, nchi tajiri kama ile? Kwa sababu msimamo wa Tokyo ulikuwa, na bado ni, kwamba kisheria hakuna deni: 1965 ilishamaliza. Pesa ikitoka hazina ya serikali kwenda mkononi mwa mwanamke, inaanza kunukia fidia. Ikitoka kwa wananchi wenye huruma, inabaki kifuta machozi. Mabibi wengi wa Korea na Taiwan waliunusa mtego huo wakakataa. Wengine walipokea, hasa Ufilipino, akiwemo Maria Rosa Henson, Mfilipino wa kwanza kujitokeza hadharani. Alikuwa mgonjwa na maskini, na barua ile aliihitaji. Mwaka 1997 akafariki. Wanaharakati fulani waliwasema vibaya waliopokea, na mimi hilo sijawahi kulikubali. Anayemnyima bibi mgonjwa haki ya kuchagua amemfanyia kitu anachokijua tayari.

Ikaja Desemba 28, 2015. Mawaziri wa mambo ya nje wa nchi mbili wakasimama Seoul na kutangaza jambo limemalizwa "kwa mwisho na bila kurudi nyuma". Safari hii Japani ilitoa yen bilioni moja kutoka hazina ya serikali, na waziri mkuu Abe akaeleza radhi kupitia mdomo wa waziri wake. Lakini Tokyo ikasisitiza kwamba fedha hiyo si fidia, na sanamu ile ya mwanafunzi wako ikaingizwa kwenye maafikiano: Korea itajitahidi suala la sanamu hiyo litatuliwe. Mabibi walisikia kwenye taarifa ya habari kama watu wengine. Kati ya 47 waliokuwa hai siku hiyo, 34 walikuja kupokea, wengine walikataa. Serikali iliyofuata Korea ikaufunga mfuko uliogawa pesa hizo.

Mahakamani je? Japani, karibu kila kesi ilishindwa. Moja ilishinda kwa muda: Aprili 1998 mahakama ya Shimonoseki iliamuru wanawake watatu walipwe yen 300,000 kila mmoja, kwa sababu serikali ilizembea kutunga sheria ya kuwafidia. Mahakama ya rufaa ya Hiroshima ikaitengua 2001. Kim Hak-sun alikuwa ameshafariki Desemba 1997, bila kuona hata hiyo ndogo.

Milango ya serikali ilipofungwa wakajenga mlango wao. Desemba 2000 wanawake wa Asia, wakiongozwa na mwandishi wa habari wa Kijapani Matsui Yayori, waliitisha mahakama ya wananchi Tokyo. Manusura 64 walifika. Wanajeshi wawili wa zamani wa Japani, wazee, walisimama kueleza waliyoyafanya. Majaji walikuwa wanne: Mmarekani Gabrielle Kirk McDonald aliyewahi kuwa rais wa mahakama ya Yugoslavia, Carmen Argibay wa Argentina, profesa Christine Chinkin wa Uingereza, na Mkenya, Willy Mutunga, huyohuyo aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011. Waambie wanafunzi wako hilo, kwa sababu wakati mwingine tunadhani mambo ya Asia tunayaangalia tu kwa dirishani. Mahakama ile ilimtia hatiani Mfalme Hirohito, marehemu tayari. Haikuwa na polisi wala jela, na Japani haikushiriki. Hukumu kamili ilisomwa The Hague Desemba 2001, ushahidi umepangwa kwa namna ambayo hakuna mahakama ya serikali iliyowahi kufanya, na wanasheria wanaisoma hadi leo.

Kisha Seoul yenyewe. Ukitaka kuishtaki nchi nyingine katika mahakama ya nchi yako, unakutana na kinga ya dola: nchi hazihukumiani. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisimama na Ujerumani dhidi ya Italia kwenye jambo la namna hiyo, madai ya uhalifu wa vita vya pili. Pamoja na hayo, Januari 8, 2021 mahakama ya wilaya ya Seoul iliamuru Japani iwalipe walalamikaji 12 won milioni 100 kila mmoja. Miezi mitatu baadaye mahakama hiyohiyo, jaji mwingine, kesi nyingine, ikasema kinga ipo. Novemba 23, 2023 Mahakama Kuu ya Seoul ikaipindua hii ya pili: kinga haifuniki kitendo haramu kilichofanywa dhidi ya raia wa Korea, walipwe won milioni 200 kila mmoja. Japani haikukata rufaa kwa sababu haiitambui kesi. Haijalipa pia. Nikiulizwa kama mwanasheria, hoja ya Seoul bado ina upinzani mkubwa, na wengi wa wenzangu wangefuata ya 2012. Mimi nadhani kinga iliyotungwa kuzuia wafalme wasiburuzane kortini kwa mikataba ya biashara imevutwa mbali mno ikifika kwenye mlango wa nyumba hizi. Lakini hayo ni maoni yangu.

Kuhusu siasa za Wakorea: zipo, mwenzako asikatishwe tamaa. Mei 2020 bibi Lee Yong-soo, mmoja wa sauti kubwa kabisa za manusura, aliwageuka hadharani viongozi wa shirika lililokuwa likiendesha maandamano kwa jina lao, akasema wametumiwa kwa miaka 30 na hajui michango ilikwenda wapi. Kesi ikafunguliwa na mtu akahukumiwa kwa ubadhirifu. Wanasiasa wa Korea wanaipandisha kadhia hii wakitaka kura na kuishusha wakitaka biashara. Sasa kwani deni linafutika kwa sababu aliyetumwa kulidai ni mwizi?

Umeuliza sheria inasemaje leo. Haikubaki ilipokuwa. Septemba 2, 1998, Arusha, pale AICC, mahakama ya Rwanda katika kesi ya Akayesu ilikuwa ya kwanza kusema ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mwaka huohuo Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), uliandika "utumwa wa ngono" kama kosa linalojitegemea, kwa jina lake. Kwa neno hilo Bosco Ntaganda, kiongozi wa waasi wa Kongo, alitiwa hatiani 2019 kwa yaliyofanyika Ituri, wakiwemo wasichana waliokuwa askari watoto ndani ya kundi lake mwenyewe, akapata miaka 30. Kwa neno hilo Dominic Ongwen wa LRA, kundi la waasi la Uganda, alitiwa hatiani 2021, pamoja na ndoa za kulazimishwa na mimba za kulazimishwa, akapata miaka 25.

Na hapo, mwalimu, utaona kifuta machozi kinavyorudi kwa mlango wa nyuma. Februari 2024 majaji waliamuru waathirika wa Ongwen walipwe fidia ya zaidi ya euro milioni 52, ikiwemo euro 750 za kiishara kwa kila mmoja, watu karibu 50,000 kaskazini mwa Uganda. Safari hii neno ni sahihi: fidia, kwa hukumu, mhusika katajwa. Ila Ongwen hana hata senti, na mfuko wa waathirika unategemea wahisani. Mabibi wa Korea walipewa pesa bila neno. Akina mama wa Gulu wana neno, wanasubiri pesa.

Kati ya wanawake 240 walioandikishwa Korea Kusini, waliobaki hai hawafiki kumi. Maandamano yao ya kila Jumatano yalianza Januari 8, 1992, na sanamu iliwekwa siku ya maandamano ya 1,000, Desemba 14, 2011. Mwambie huyo kijana airudie video taratibu, atazame miguuni. Msichana yuko pekupeku, na visigino vyake havijagusa chini. Waliomchonga walitaka aonekane mtu aliyerudi nyumbani akakosa pa kukanyaga. Pembeni yake kuna kiti cha pili kitupu. Wapita njia hukaa hapo, hupiga picha, wengine hubaki muda mrefu bila kusema kitu. Siku za baridi ndipo huletwa skafu na soksi.